Ukoo Unaokula Umesimama

Haya, kaeni niwaeleze, maana mmenichosha. Tangu nirudi, nikienda kwa kinyozi naulizwa, nikienda dukani naulizwa, hata kwenye mfereji wa maji mtu ananivuta shati: "Jafeti, ni kweli mlienda kuzika mgomba?" Ni kweli. Tulizika mgomba, mimi na mzee wangu, na sioni haya kusema. Mkitaka kucheka, chekeni nikishamaliza. Mkicheka mapema mtaniudhi, nitanyamaza, na mnanijua.

Mambo ya tikiti na ruhusa ya kazini nayaruka. Hakuna mtu amewahi kufurahishwa na habari za foleni.

Mbotela, kabla ya kuondoka

Nyote mmewahi kula kwangu hapa Mbotela, kwa hivyo mnajua. Wanaume wa nyumba yetu hatuketi tukila. Tunashika sahani mkononi, tunasimama karibu na mlango, viatu miguuni, tunakula haraka haraka, basi. Baba yangu hula hivyo. Kaka zangu walioko Mombasa hula hivyo. Na mimi nikiulizwa nilikuwa najibu kwa maringo kabisa: huu ni mwiko wa ukoo wetu, watu wa Ongachi kutoka Bunyore, na asiyejua mila za wenzake afunge mdomo. Siku tulipopeleka mahari kwa kina Truphena, walituchinjia kuku, wakatandika vitambaa vyeupe mezani, nasi tukasimama mlangoni na sahani zetu kama watu wanaongojea basi. Baba mkwe alikasirika, akidhani tumedharau viti vyake. Mjomba wangu alizungumza karibu mchana kutwa ndipo nikapewa mke.

Mzee wangu, kwa wasiomjua, alikuwa fundi wa mabehewa ya treni. Alistaafu, na tangu mama afariki anakaa nasi. Sisi tulikulia Ziwani, mtaa mwingine wa hapa Nairobi. Sasa Ziwani na soko la Kariokor ni pua na mdomo, lakini mzee hakukanyaga Kariokor hata siku moja. Akiwa na safari ya upande ule alizunguka mbali, jua kali, jasho likimtoka. Mama ndiye aliyekwenda kununua nyama. Sisi watoto tulisema ana ugomvi na wauza nyama, tukaacha hapo.

Basi. Binti yangu Minayo anaelekea miaka minne. Jioni moja Truphena amepakua chakula, amemwekea mtoto kiti chake kidogo, mtoto akakikataa. Akavaa viatu vyake, akachukua sahani, akaja kusimama mlangoni katikati yangu na babu yake. Akala mbio mbio huku akichungulia nje. Mimi nilicheka. Truphena hakucheka.

"Mnakimbia nini?" akaniuliza.

"Si nilikwambia ni mwiko?"

"Uliniambia ni mwiko wa wanaume. Huyu ni msichana. Huu ni mwiko gani unaoambukiza kama surua?"

Kisha akamgeukia mzee. Jamani, kwetu mwanamke hamkabili baba mkwe hivi hivi. Alipiga goti kwanza, akainamisha kichwa, halafu akasema: "Baba, nakuheshimu. Lakini mtoto wangu hatakula kama mwizi ndani ya nyumba yake. Kama kuna kitu, kitafutiwe mwisho. Kama hakuna mwisho, nitampeleka kwa mama yangu akajifunze kula, na sijui nitamrudisha lini."

Mzee aliweka sahani chini, akaenda kulala.

Inafaa mjue jambo jingine. Babu yangu Ongachi alichukuliwa wakati wa vita vya kwanza vya Wazungu, akabebeshwa mizigo ya jeshi, hakurudi. Mwili haukuonekana. Kwetu, mtu aliyepotea hivyo huzikwa mgomba badala yake, na udongo wa kwanza lazima utupwe na mtoto wake wa kiume. Mtoto wa kiume ni mmoja tu, mzee wangu. Dada yake mkubwa, Senje Rasoa, shangazi yetu, amekuwa akituma watu kila mwaka kumwambia aende wamzike baba yao. Kila mwaka mzee alijibu ana kazi. Mtu amestaafu zamani na bado ana kazi! Lakini asubuhi iliyofuata maneno ya Truphena, nilimkuta amevaa koti lake jeusi la zamani la kazini, kofia mkononi.

"Twende kwa Senje yako," akasema. Mimi sikuona mgomba unahusiana vipi na sahani ya mtoto wangu, lakini nikavaa viatu.

Kutoka Nairobi

Truphena alitufungia chapati na mayai ya kuchemsha. Behewa letu la daraja la tatu lilijaa mpaka juu: watu, magunia, kuku, na sufuria. Sufuria hizo zilikuwa za mama mmoja mnene mwenye sauti, mchuuzi wa Luanda kule magharibi, aliyekuja kuzinunua soko la Gikomba. Jina lake silijui hadi leo. Nilimwita Mama Sufuria na aliitika.

Treni ilipoanza kutembea tukafungua chakula. Mzee akasimama mlangoni mwa behewa, koti jeusi, kofia kichwani, akila chapati macho nje. Mama mmoja wa kando akamnyooshea tikiti. Mzee akaitazama, akamrudishia. Jirani yake naye akatoa ya kwake. Mara behewa zima watu wanapekua mifuko na kufungua mafundo ya leso! Jamaa mmoja mwenye kitambi akateleza akaingia chini ya benchi, akakwama, akaanza kusihi kutoka huko huko: "Afande, mimi nashuka Naivasha tu."

"Mimi nakula," mzee akasema.

"Kula, afande, kula pole pole." Na mkono ukatoka chini ya benchi na machungwa mawili.

Mzee akayachukua, akashukuru. Hakuelewa kitu! Mkaguzi wa kweli alipofika, yule jamaa alikuwa amerudi juu ya benchi, anakoroma kwa raha, akijua mambo yake yamekwisha. Sina haja ya kuwaambia alishuka wapi. Hakufika Naivasha.

Mama Sufuria alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akamwambia mzee: "Lakini baba, si ukae? Benchi haliumi."

"Kwetu hatuketi tukila," mzee akasema.

"Ni mwiko," nikaongeza, kifua mbele.

"Mwiko wa wapi huo?"

"Bunyore."

"Wee! Mimi nimeolewa Bunyore. Wanaketi wote, na wakishaketi kuwainua ni kazi." Alimtazama mzee, sauti ikashuka. "Lakini marehemu baba yangu alikuwa hivi hivi. Hakuwahi kuupa mlango mgongo. Alikuwa Kariokor, wale wa kubeba mizigo ya vita vya kwanza. Alitembea mpaka Tanganyika na masanduku ya risasi kichwani. Akarudi."

Mzee aliacha kutafuna. "Alirudi?"

"Alirudi, baba. Lakini hakula vizuri tena."

Mzee akaikunja chapati iliyobaki ndani ya karatasi, akaiweka mfukoni. Nilimkasirikia yule mama, nawaambia ukweli. Nilitaka kumwambia ashike sufuria zake aachane na baba ya watu. Halafu nikafikiri: sisi tunakula nyama choma Kariokor kila mwisho wa mwezi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza jina lile lilitoka wapi. Usingizi ukanichukua nikifikiri hilo.

Londiani

Kulipokucha treni imesimama Londiani, na baridi ile si ya kuongelewa. Mvua ilikuwa imeporomosha udongo kwenye reli huko mbele. Tukaambiwa tungoje wachote. Tukangoja. Jua likatoka, likapanda, na sisi tupo.

Kina mama wa pale wakaja na viazi vya moto na maziwa lala kwenye vibuyu. Nikanunua kikombe, nikaona ndani yake kuna weusi weusi. Mimi ni mtu wa kanjo, yaani baraza la jiji, kazi yangu ni mifereji ya maji safi, nikapandisha sauti kabisa: haya maziwa ni machafu, nani anasimamia usafi hapa? Mama mwenyewe alinitazama kwa huruma. Akawaeleza wenzake kwa lugha yao, wakashikana mabega kwa kicheko. Kumbe ni mkaa wa mti maalumu, wanausugulia ndani ya kibuyu kwa makusudi, maziwa yakae na yanukie vizuri. Nilikunywa vikombe vitatu kwa aibu, na cha nne kwa utamu.

Mzee alikuwa amesimama kando ya reli na kiazi chake. Nikamfuata. Bila kunitazama akasema: "Nilipokuja Nairobi kutafuta kazi, nilionyeshwa ilipokuwa kambi yao. Wale wa mizigo. Pale pale Kariokor."

"Ndiyo maana hukupita?"

"Niliogopa nitamkuta."

"Nani? Babu?"

"Mtu hupotea akasahau kwao. Huenda yuko pale anauza kamba, mzee, kichwa cheupe. Sasa nikimkuta, nitamwambia nini?"

Nilikuwa na umri wa kuitwa baba, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia akitamka kwamba aliogopa kitu. Treni ikapiga honi, tukapanda.

Kisumu mpaka Luanda

Kwa ule ucheleweshaji, tulifika Kisumu na treni ya Butere imeshaondoka. Tukaambiwa iko nyingine alasiri. Tukaingia hoteli ndogo karibu na stesheni, tukaagiza samaki na ugali. Mzee akachukua sahani yake, akasimama mlangoni.

Mhudumu akaja mbio. "Mzee, kaa ndani ama ukae nje. Hapo unaziba wateja."

Mzee akatoka nje na samaki wake, akala kwenye jua, nzi wakimzunguka. Zamani ningemfuata nikasimama naye kwa ushupavu. Siku hiyo nilibaki nimesimama katikati ya hoteli, sahani mkononi, si ndani si nje, watu wananipita na supu. Mama Sufuria, ambaye hakutuacha, alikuwa ameketi na samaki mzima, ananyonya kichwa. Mtu kama yule akinyamaza, ujue amekuonea huruma.

Treni ya alasiri ikatushusha Luanda, na hapo Mama Sufuria akatugawia sufuria zake kama watoto wake wa kuzaa. Njia yetu ilikuwa moja. Nilitaka kuchukua furushi kubwa, mzee akanizuia.

"Baba, ni zito hilo."

"Lete. Niweke kichwani kidogo nione."

"Uone nini?"

"Nione alivyokuwa anahisi."

Alilibeba mpaka njia panda, kupita katikati ya yale mawe makubwa ya Bunyore yaliyolaliana, shingo imekaza, mikono ikining'inia. Hakupumzika. Mama Sufuria alipomtua, alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda zake. Alisahau kifuniko kimoja mkononi mwangu. Kiko kwangu hadi leo, na kinafunika vizuri.

Kwa Senje Rasoa

Senje ni mdogo wa umbo, mgongo umepinda, ulimi haujapinda. "Mulembe," tukamsalimu. Akaitikia, akamzunguka ndugu yake, akamkagua koti. "Umezeeka vibaya," akamwambia. Kisha akanigeukia: "Na huyu ndiye anayekula kama farasi? Habari zako zimefika hapa kabla yako."

"Senje, si ni mwiko wetu?"

"Mwiko!" Alicheka akakohoa, akakohoa akaketi. Alipotulia hakuwa anacheka tena. Mzee alikuwa ameshasogea mlangoni.

"Usiende," Senje akamwambia. "Leo utasikia." Akanielekea mimi. "Baba yetu alikuwa akila ameketi. Pale, karibu na hilo jiko. Siku hiyo tulikuwa na ugali na mboga ya mrenda. Mimi nilikuwa msichana wa kuchunga mbuzi, huyu ndiyo kwanza anajua kushika tonge. Askari wa chifu wakaingia. Baba hakupigana. Alisimama tu, wakamfunga kamba. Huyu akasimama naye, anataka kumshika mguu. Askari mmoja ana kiboko. Baba akaona. Akamwambia, 'Keti, mwanangu, umalize kula.' Hilo ndilo neno la mwisho tulilomsikia."

"Akaketi?"

"Hakuketi. Alitoka mbio nyuma yao mpaka barabarani, tonge bado mkononi. Mimi ndiye niliyemrudisha. Tangu siku ile mama alitulisha tumesimama mlango wa nyuma, tukisikia viatu tuingie migombani. Vita vikaisha. Lakini mama hakuwahi kutuambia basi, kaeni sasa. Akafa hajasema."

Jamani. Niliketi chini, kisha nikasimama, kisha nikatoka nje. Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Yaani mila yangu yote ndiyo hiyo? Baba mkwe wangu karibu aninyime mke, kaka zangu na watoto wao huko Mombasa wanakula na viatu, binti yangu anachungulia nje, sote tunamsubiri askari aliyeoza zamani! Na nilikuwa nikiringa nayo! Nililia pale kwenye migomba ya Senje, kwa sauti, na sioni haya kuwaambia. Nilimlilia mtoto mmoja mwenye tonge mkononi, ambaye ni baba yangu.

Asubuhi watu wa ukoo walikuwa wamechimba. Mgomba ulikatwa urefu wa mtu, ukavingirishwa blanketi, ukabebwa kwa heshima zote, maombi yakafanywa. Kisha wakamwita mtoto mwenyewe, maana mtoto wa kiume huanza kwa kusema. Mzee alisimama kwenye ukingo na udongo mkononi, muda mrefu, mpaka mchungaji akakohoa.

"Baba," akasema, "ni mimi. Uliniambia niketi nimalize kula. Sikuketi. Nilidhani nikiketi, nikimaliza, ndiyo utakuwa umekwenda kweli. Nikasema sitaketi, basi, mpaka urudi. Nimengoja, baba. Wanangu wamengoja na hawajui wanamngoja nani. Sasa mjukuu wangu naye ameanza." Senje akamshika kiwiko. "Nimechoka. Nenda salama. Mimi nabaki."

Akatupa udongo. Mimi nikafuata.

Chakula kilipopakuliwa, Senje hakumpa nafasi ya kutafuta mlango. Aliweka kigoda karibu na lile jiko, ili mgongo wa mzee uelekee nje, akampa sahani. Mzee alikitazama kile kigoda kama mtu anayetakiwa kuingia majini. Kisha akaketi. Mimi nikaketi chini kando yake. Msifikiri ni jambo dogo: shingo yangu ilikuwa inageuka mlangoni yenyewe kila mtu alipopita, na chakula kilikataa kushuka. Mzee alikula pole pole, tonge kwa tonge, jasho likimchuruzika, machozi pia. Hakuna aliyeinuka kabla yake. Mchungaji mwenyewe, mwenye haraka zake zote, alingoja. Mzee alipangusa sahani kwa tonge la mwisho, akalimeza, akamrudishia dada yake sahani tupu.

Mbotela tena

Njia ya kurudi haikuwa na habari. Treni ilikimbia, mzee alilala mdomo wazi, tukafika.

Msiniulize kama mambo yamenyooka kama rula. Juzi mtu alibisha mlango kwa nguvu, na mzee alikuwa ameshasimama kabla hajafunguliwa. Mimi pia bado nasahau, najikuta mlangoni na sahani, Truphena ananitazama tu, narudi. Lakini nimewaandikia kaka zangu, na wakija Krismasi wataketi, wapende wasipende.

Ile jioni tuliyofika, Truphena alipakua, mzee akavuta kiti akakaa, mimi nikakaa. Minayo hakutuona. Alikuwa ameshavaa viatu vyake, ameshachukua sahani yake, amekwenda zake kusimama mlangoni. Akatungoja. Hatukuja. Akageuka, akamtazama babu yake kwa mshangao.

"Babu, leo huendi?"

"Siendi, mama," mzee akasema. "Njoo tule."